Nani Anabaki na Hasara? Mlo wa Smithfield na Mishiri ya Mwea

Karibu na soko la nyama la Smithfield, katikati ya London, kuna jengo la zamani lililotumika kukaushia nyama ya nguruwe kwa moshi. Ukiingia leo utakuta kuta nyeupe zisizo na picha hata moja. Hakuna muziki wala maua mezani. Ukutani kumepangwa vigingi vya mbao vya kutundikia makoti, na meza zimetandikwa karatasi nyeupe. Huo ndio mkahawa wa St. JOHN, uliofunguliwa Oktoba 1994 na Fergus Henderson pamoja na wenzake Trevor Gulliver na Jon Spiteri. Henderson alisomea usanifu wa majengo na hakupitia chuo cha upishi. Mwaka 2009 mkahawa huo ulipewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya mikahawa, na wapishi wengi wanaopika chakula cha Kiingereza leo wamepita jikoni mle au wamefundishwa na waliopita mle.

Chakula kilichoutangaza duniani ni mifupa ya ndama iliyookwa na kuletwa mezani ikiwa imesimama wima, pamoja na mkate uliochomwa, chumvi ya mawe na saladi ya majani ya pasli yenye vitunguu na vitumba vidogo vichachu. Unachokoa uboho kwa kijiko chembamba, unaupaka kwenye mkate, unanyunyiza chumvi, unakula. Aliyekulia kwetu haoni ajabu hapo. Nani hakugombania mfupa wa supu utotoni, akaugonga kiganjani mpaka uboho ukatoka? Ajabu ilikuwa mahali penyewe. Katika mji huu, kwa vizazi vingi, chakula cha heshima kilipaswa kuwa na jina la Kifaransa, na chakula cha Kiingereza kiliachwa kwa wagonjwa wa hospitali na watoto wa shule.

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi kusini mwa London. Bei za St. JOHN haziendani na mshahara wangu, kwa hiyo sitajifanya mwenyeji wa pale. Nilipelekwa na wenzangu wa jikoni siku ya kuniadhimisha, tukala figo juu ya mkate, tukala moyo wa ng'ombe, tukamaliza kwa keki ya Eccles na kipande cha jibini ya Lancashire. Nilitoka nimeshiba, na kichwani nikiwa na swali ambalo halijaniacha: mazao ya mkulima yasipotakikana, nani anabaki na hasara? Naamini swali hilo ndilo linalotenganisha mkahawa unaomsaidia mkulima wa jirani na ule unaopamba menyu yake kwa jina la shamba.

Tuanze na ng'ombe, maana hesabu yake iko wazi. Ng'ombe mmoja wa nyama ana fileti mbili tu. Mzoga wake ukiwa na kilo zaidi ya mia tatu, fileti zote mbili hazifiki kumi. Mkahawa unaotaka kuuza steki za fileti kwa wateja mia kila usiku unahitaji ng'ombe wengi sana, na kila ng'ombe anaacha nyuma shingo, mabega, mbavu, ulimi, moyo, maini, matumbo, mkia na miguu. Mtu lazima avitafutie pa kwenda. Kampuni kubwa ya nyama inavipeleka kwenye viwanda vya soseji, kwenye chakula cha mbwa au ng'ambo. Mkulima mwenye ng'ombe ishirini hana njia hizo. Mikahawa ikimpigia simu kuomba fileti peke yake, atauza sehemu ndogo ya mnyama kwa bei nzuri na kuhangaika na iliyobaki.

Mkahawa unaochukua mnyama mzima unamwondolea mkulima hangaiko hilo na kulihamishia jikoni kwake. Sasa ni kazi ya mpishi kufikiri: mabega haya yachemshwe kwa saa nyingi, kichwa hiki kigeuzwe kuwa nyama ya kugandishwa na kukatwa vipande, mikia ya nguruwe ichemshwe kisha iokwe na chenga za mkate mpaka ilie. Ndiyo maana menyu ya St. JOHN imekuwa ikiandikwa upya kwa mlo wa mchana na upya tena kwa mlo wa jioni, kwa maneno machache tu, kufuatana na kilichoingia na kilichosalia. Mteja anayetaka kitu kile kile kila siku hatakipata. Uzembe wa kupika haufichiki mle, kwa sababu moyo na matumbo havisamehi. Ukivipika ovyo, sahani inarudi.

Wengi wanaizungumzia kazi hii kama heshima kwa mnyama aliyechinjwa, na ni kweli. Mimi naona pia heshima kwa aliyemfuga, na sijui kwa nini upande huo hauzungumzwi sana.

Siku moja, kwenye soko la wakulima la Jumamosi, nilikaa na mfugaji mmoja wa nguruwe. Masoko ya namna hii si ya zamani Uingereza. La kwanza la siku hizi lilianza Bath mwaka 1997, na London ikafuata mwaka 1999 pale Islington. Mfugaji huyu ana nguruwe wa aina ya kienyeji, wanaokua polepole na kuwa na mafuta mengi. Aliniambia kwamba maduka makubwa hayamtaki, kwa sababu mafuta yale yanazidi kipimo. Anayoiuzia ni mikahawa michache ya London inayochukua nguruwe mzima au nusu, na bei wanakubaliana kabla nguruwe hajapanda gari. Kinachomtisha si soko. Ni machinjio. Uingereza ilikuwa na machinjio madogo kwa maelfu katika miaka ya 1970, na leo yamebaki mia chache tu. Yake ya karibu yalifungwa, na sasa anawasafirisha nguruwe wake mbali zaidi kuliko safari ya kutoka shambani mpaka mkahawani. Ukisoma "nyama ya jirani" kwenye menyu, huenda nguruwe yule alizunguka nusu ya mkoa kabla ya kukufikia.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama, nikamsimulia. Akaniuliza:

"Bei wanapatana lini? Kabla ya kuchinja ama baada?"

"Kabla, mama."

"Na kama nguruwe amenona kupita kiasi?"

"Wanamchukua hivyo hivyo. Mafuta nayo wanayapikia."

Alinyamaza kidogo. "Basi huyo mkulima analala usingizi," akasema.

Mama analima Mwea, kaunti ya Kirinyaga, kwenye maji ya mfereji, chini ya Mlima Kenya. Wengi wanaijua Mwea kwa mchele wa pishori, lakini pembeni mwa mashamba ya mpunga kuna vipande vingi vya mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayouzwa Ulaya. Mama aliyalima kwa miaka mingi kwenye robo ekari ya kukodi. Mishiri haivumilii. Siku hamsini hivi baada ya kupanda inaanza kuchumwa, na ikianza huwezi kusema leo nina mazishi, nitachuma kesho kutwa. Ganda likizidi milimita sita linaacha kuwa la daraja la ekstra fain na kuwa la fain. Likizidi tisa halina jina tena. Likipinda, linatolewa. Likiwa na doa la mvua, linatolewa. Zilizotolewa zinarudi nyumbani kwenye gunia, na ng'ombe wa jirani wanakula vizuri siku hiyo.

Kulikuwa na siku mbaya kuliko hizo. Lori la mnunuzi halikuja. Simu ilipigwa kuwa oda imepunguzwa huko ng'ambo, na mishiri ilikuwa imeshachumwa, imeshapangwa kwenye makreti ndani ya banda, chini ya kivuli, ikinyauka. Hakuna aliyelipa. Makreti yale yalikuwa na kibandiko chenye namba ya mkulima, kwa sababu wanunuzi wa Ulaya wanataka kujua kila ganda limetoka shamba gani. Namba ile ilikuwa ya kumtafuta mkulima akikosea. Haikuwa ya kumtafuta akidai.

Waingereza nao walifika kwenye kufuatilia chakula kupitia hofu. Machi 1996 serikali yao ilikiri kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe huenda umeanza kuua watu. Nyama ya ng'ombe ya Uingereza ikapigwa marufuku kuuzwa nje, na kuanzia Julai mwaka huo kila ng'ombe anayezaliwa akawa na pasipoti yake. Ndiyo, kitabu cha safari za maisha yake yote. Desemba 1997 wakakatazwa hata kuuza nyama ya ng'ombe yenye mfupa, na katazo hilo lilidumu miaka miwili. Mtu akikuambia leo kwamba ng'ombe wa sahani yako alilala shamba fulani, kauli hiyo ya fahari ilizaliwa kwenye miaka ile ya kuogopana.

Lakini chakula chao kilikuwa kimeshapotea mapema zaidi. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940 na haukuisha kabisa mpaka Julai 1954, nyama ilipoondolewa kwenye karatasi za mgao. Hiyo ni miaka 14. Mtoto aliyezaliwa vita vilipoanza alifika ujana bila kuona duka la nyama lililojaa. Maziwa karibu yote ya kutengenezea jibini yalielekezwa kwenye jibini ya aina moja ngumu, kwa kuwa ndiyo iliyohifadhika na kugawika kirahisi, na jibini nyingi za mikoa zikakoma. Vita vilipoisha, wake za wakulima waliojua kuzitengeneza walikuwa wamezeeka au wamekufa. Nikifikiria hilo nasikia uchungu wa kweli. Kuna maarifa yanayopita mkononi tu, na kizazi kimoja kikiruka, basi.

Jibini ya Lancashire niliyokula na ile keki ni mojawapo ya zilizonusurika. Inatengenezwa kwa kuchanganya maziwa yaliyogandishwa ya siku mbili au tatu tofauti. Sababu yake ni ya kimaskini na ya busara: shamba lenye ng'ombe wachache halikupata maziwa ya kutosha jibini nzima kwa siku moja, kwa hiyo mama wa nyumba aliweka ya leo akisubiri ya kesho. Ladha ile ya kusagika mdomoni, yenye siagi na uchachu kidogo, ilitokana na uchache. Familia ya Kirkham, kijijini Goosnargh, bado inaitengeneza hivyo kwa maziwa mabichi ya ng'ombe wao. Imesalia kwa sababu duka la Neal's Yard Dairy, lililofunguliwa London mwaka 1979, lilianza kununua jibini moja kwa moja kwa watengenezaji na kuziuza kwa majina yao, na mikahawa ikafuata. Mtu mjini aliendelea kununua mwaka baada ya mwaka, hata jibini ya msimu huu isipofanana na ya msimu uliopita.

Sasa nije kwenye lile linalonihusu zaidi. Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza, Tesco na Marks & Spencer, yalianza kubandika picha ya ndege kwenye mboga na matunda yaliyosafirishwa kwa ndege. Mwaka huo huo shirika la Soil Association, linalothibitisha vyakula vya kilimo hai, lilifikiria kuvinyima cheti vyakula vinavyokuja kwa ndege. Kule Kirinyaga habari ilifika ikiwa imekolezwa: wazungu hawataki tena mishiri, wanasema inachafua hewa. Mwishowe cheti hakikufutwa, lakini kibandiko kilishazungumza. Na Aprili 2010 volkano ya Iceland ilipofunga anga la Ulaya, tuliona picha kamili. Ndege hazikuruka, na maua na mboga zikaoza Kenya, tani kwa tani, na maelfu ya vibarua wakarudishwa nyumbani.

Sitetei ndege. Kusafirisha kilo moja kwa ndege kunatoa hewa chafu mara makumi zaidi kuliko kuisafirisha kwa meli, na nisingependa mwanangu arithi dunia iliyochemka kwa sababu ya maharagwe ya Januari. Ila hesabu inayotajwa mezani huwa nusu. Kilo ya nyama ya ng'ombe, hata akichinjwa kijiji cha pili, kwa kawaida inachafua hewa zaidi kuliko kilo ya mishiri iliyopanda ndege, kwa sababu ya gesi ya tumbo la ng'ombe mwenyewe na ardhi anayoitumia. Utafiti wa chuo kikuu cha Cranfield wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waridi 12,000 wa Kenya, pamoja na safari yao ya ndege, walitoa takriban kilo 6,000 za hewa ya kaboni, na wale wa Uholanzi waliokuzwa kwenye nyumba za vioo zenye joto na taa walitoa takriban kilo 35,000. Umbali ni sehemu ya habari. Menyu inayojivunia kilomita chache huku ikiuza steki nene kila usiku imechagua namba inayoipendeza.

Kuna waliojaribu kwa uaminifu kuufanya umbali kuwa kanuni. Mwaka 2006, karibu na King's Cross, mpishi Oliver Rowe alifungua mkahawa wa Konstam akakusudia kupata karibu kila kitu ndani ya eneo la London lenyewe na pembezoni mwake, ndani ya mzunguko wa barabara kuu ya M25. Alitafuta nguruwe, mboga, asali, mafuta ya kupikia, unga. Mkahawa haukudumu miaka mingi, lakini namheshimu mtu yule. Alionyesha kwamba mji wa mamilioni una mashamba mlangoni pake na wenyeji hawayajui.

Aliyenigusa zaidi ni Douglas McMaster. Yeye alipita jikoni kwa St. JOHN akiwa kijana. Mwaka 2014 alifungua mkahawa wa Silo mjini Brighton, akauhamishia Hackney Wick, mashariki mwa London, mwaka 2019. Silo haukuwa na pipa la taka. Ngano ilifika ikiwa nzima na kusagwa pale pale, maziwa yalikuja kwenye vyombo vinavyorudi kwa mkulima, na mabaki yakageuzwa mbolea. Ukisikia "mkahawa usio na pipa" unaweza kudhani ni mchezo wa matajiri. Mimi mwenye kubeba mapipa kila alasiri naelewa maana yake. Ukiondoa pipa, huwezi kuagiza kitu bila kufikiri nani amekifunga, kwa nini, na kitaishia wapi. Kreti inayorudi kwa mkulima inalazimisha watu wawili kuonana tena. McMaster alipikia watu hata viumbe vamizi, kama kamba wa mtoni wa Marekani walioletwa Uingereza miaka ya 1970 na karibu kumaliza kamba wenyeji. Kulungu nao, wanaokadiriwa kufikia milioni 2, hawana simba wala mbwa mwitu wa kuwapunguza na wanakula miche ya msitu mpaka msitu haukui tena. Nyama yao inapaswa kuwa ya kawaida kwenye sahani za nchi hii. Badala yake imebaki kuwa ya sherehe.

Kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye mikahawa ya namna hii ni majira. Mtu wa Mwea, mwenye mfereji na jua la mwaka mzima, anasahau majira ya mboga. Uingereza inakufundisha kwa nguvu. Januari na Februari kuna kabichi nyeusi na ndugu yake sukuma wiki, ambayo inakuwa tamu baada ya kupigwa na baridi, kuna viazi na karoti za ghalani, na kuna rubabu ya Yorkshire, mabua mekundu machachu yanayokuzwa gizani na kuvunwa kwa mwanga wa mishumaa ili yabaki laini. Halafu inakuja Aprili, mwezi mgumu. Nje miti imechanua, mtu anadhani neema imefika, kumbe mboga za baridi zimekwisha na za joto hazijakua. Mkahawa wa kweli unajulikana Aprili. Ukiona nyanya nzuri kwenye menyu inayosema kila kitu ni cha jirani, uliza maswali. Wapishi wazuri wanaokota vitunguu saumu vya mwituni na majani ya kiwavi, yale yanayowasha, wanafungua mitungi ya achari waliyoiweka Septemba.

Na kisha, karibu na tarehe 23 Aprili, siku ya Mtakatifu George, asparagasi inaanza kutoka ardhini, na watu wazima wanaizungumzia kama watoto wanavyozungumzia maembe. Kwa desturi inaachwa kuvunwa siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni, ili mizizi ipumzike. Miezi miwili tu. Unakula mpaka unatosheka, kisha unangoja mwaka. Chaza wa asili wa Uingereza nao hawaliwi miezi ya joto, Mei mpaka Agosti, kwa sababu ndiyo miezi yao ya kuzaa. Nimewaheshimu Waingereza zaidi kwa kungoja kwao huku kuliko kwa jambo lingine lolote.

Hakuna anayekula cha jirani peke yake, na aseme yeyote atakavyo. Ile keki ya Eccles, keki ya Lancashire kabisa, imejaa zabibu ndogo kavu ambazo kwa karne nyingi zimekuja kutoka Ugiriki. Pilipili manga, limau, mdalasini, vyote vimevuka bahari. Na mlo ukiisha, Mwingereza anaomba chai, kinywaji anachokiita chake kuliko vyote, na nchi inayoiuzia Uingereza chai nyingi kuliko nyingine yoyote ni Kenya. Inakuja kwa meli kutoka Mombasa, haibandikwi picha yoyote. Wachumaji wake wa Kericho na Nyeri ni wazalishaji pia. Ningependa mkahawa unaomtaja kwa jina mfugaji wa Sussex utaje na kiwanda cha chai kilichojaza birika lake.

Ukubwa wa kazi ndio unaonitia wasiwasi. St. JOHN na wenzake wanawalisha watu wenye uwezo. Uingereza inazalisha takriban asilimia 60 ya chakula inachokula, na sehemu kubwa ya chakula hicho inapita mikononi mwa maduka makubwa machache. Ilibidi mwaka 2013 serikali iweke msimamizi maalumu wa kuangalia jinsi maduka hayo yanavyowatendea wanaowauzia, ikiwamo kubadilisha oda dakika za mwisho na kuchelewesha malipo. Mama aliposikia kuna ofisi kama hiyo aliuliza kama inasikiliza simu kutoka Kirinyaga. Nilimweleza kwamba kanuni zake zinamlinda anayeuza moja kwa moja kwa duka, na kati ya mama na duka kuna dalali, kampuni ya kusafirisha na mwagizaji. Hakusema kitu.

Kwa hiyo nayatazama majiko mengine, yasiyo na nyota. Tangu Septemba 2014 watoto wa madarasa matatu ya mwanzo katika shule za serikali za England wanakula chakula cha mchana bure, na tangu Septemba 2023 meya wa London analipia watoto wa madarasa yaliyobaki ya shule za msingi za serikali. Kwa kila sahani, mwaka wa kwanza wa mpango huo wa meya, zilitolewa pauni 2.65. Ndani yake kuna chakula, mshahara wangu, gesi na sabuni. Hutanunua asparagasi hapo. Lakini tazama idadi ya sahani, na tazama uhakika wake: najua Januari ni watoto wangapi watakula Oktoba. Hakuna mkahawa London unaojua hivyo kuhusu wateja wake. Uhakika huo ndio mkulima anaoutafuta, na jikoni kwa shule tunao wa bure, tumekaa tu juu yake.

Tulikuwa tukinunua kila kitu kupitia kampuni moja ya usambazaji. Karoti zilikuja zimemenywa, zimekatwa vijiti sawasawa, zimeelea kwenye maji ndani ya mfuko wa plastiki. Zilizopinda zilibaki wapi sikuambiwa, ingawa nilijua, kwa kuwa niliona gunia la mama. Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa kusikiliza. Tulikaa naye na ushirika mdogo wa wakulima wa Kent, tukaanza na vitu vitatu visivyo na maringo: kabichi, karoti, tufaha. Tuliandikiana kiasi na bei mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kupanda. Karoti zinakuja na udongo wake, za ukubwa wote, na tunazimenya wenyewe. Kazi imeongezeka, siwezi kudanganya. Mwenzangu wa jikoni alilalamika wiki za mwanzo na alikuwa na haki. Tulibadilisha zamu na kununua mashine ya kumenyea. Kisha ushirika ukatuuliza kama tunaweza kuchukua shingo na mabega ya kondoo, kwa sababu London inataka mapaja peke yake. Tunayapika usiku kucha kwenye oveni ya moto mdogo, na Jumatano watoto wanakula mchuzi ambao nyama yake inajitenga yenyewe na mfupa. Sahani zinarudi tupu.

Nilimtumia mama picha ya ile karatasi ya makubaliano, nikamtafsiria mstari kwa mstari kwenye simu. Alitaka kujua nani ametia saini, na mvua ikiharibu kabichi inakuwaje. Nikamsomea kifungu hicho: mkulima anatoa taarifa, tunachukua alichonacho, na nafasi iliyobaki inajazwa na mboga nyingine ya ushirika. Mishiri aliiacha zamani. Sasa analima maharagwe makavu, kabichi na sukuma wiki, anauzia yeyote anayepita kwa bei ya siku hiyo. Kilomita chache kutoka shambani kwake kuna shule ya bweni yenye wanafunzi mamia wanaokula githeri, na maharagwe yao yanaletwa na mzabuni kutoka mbali.

Mama na wenzake wa kikundi wameandika barua kwa bodi ya shule, wakiomba wakubaliane kiasi na bei kabla ya mvua za Machi. Niliwasaidia kupanga vifungu, cha mvua kikawa cha kwanza. Bodi inakutana mwezi ujao.